Fundi Said Alipozima Mashine Yake Mlangoni mwa Msikiti

Wenzangu wa chumba cha mazoezi mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau, na bwana wa utawala akaongeza kwamba niandike mambo ya kutia moyo. Hayo ya kutia moyo mtayasoma kwenye mabango ya ukutani. Mimi nimenyoosha viungo vya watu tangu nna miaka ishirini na mbili mpaka juzi mliponipa keki na saa ya mezani, na ninayoyajua ni machache. Mengi katika hayo machache nimeyapata kwa kugombana. Basi nitaandika ya kugombana, na asiyependa afunge karatasi.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa wanga na pasi. Mkuu wa chumba alikuwa Bi Gulshan, Mhindi wa Hurumzi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, aliyenitazama tangu juu mpaka chini akaniuliza kama nimekuja kazini au kwenye arusi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, baiskeli ya mazoezi iliyokosa kanyagio moja, magongo ya kutembelea ya kila urefu isipokuwa ule uliotakiwa, na mashine ya joto. Mashine hiyo wengine hamkuiwahi. Ilikuwa kubwa, ya magurudumu, na ilipasha misuli kwa mawimbi, na kila mgonjwa aliitaka, mwenye goti, mwenye mgongo, hata aliyeachwa na mume. Bi Gulshan alikuwa akiiita "mama mkwe," kwa sababu, alisema, kila mtu anamheshimu na hakuna anayejua anafanya nini hasa.

Wagonjwa wa kutetemeka walitufikia mwisho kabisa. Walikuwa wameshapita kwa waganga, wameshasomewa, wameshafukizwa, wameshaambiwa wamechezewa na jirani. Hospitali nako waliambiwa neno moja ambalo mpaka leo nikilisikia damu inanichemka: uzee huo. Mtu ana miaka hamsini na mbili, ati uzee huo. Huo si uzee, ni maradhi, na jina lake ni Parkinson. Kuna mahali ndani ya ubongo panapotengeneza dawa ya mwili wenyewe ya kuamrisha viungo, na pale panapokauka, mtu hutetemeka, hukakamaa, hupungua hatua, mwandiko wake huwa mdogo, na uso hunyamaza hata akiwa anacheka moyoni. Wake zao walikuwa wakiniambia, "Kaninunia mwaka mzima." Hakununa. Uso ulikuwa haumtii.

Bi Gulshan alinifundisha kuwatazama watu hawa majumbani, si wodini. Walikuwa na tabia ya kuganda mlangoni. Mtu anatembea vizuri, akifika kwenye mlango wa chumba chetu, mpana na wa sakafu tambarare, miguu inanata. Nikadhani wanaogopa sindano. Bi Gulshan akanichukua mpaka nyumba moja ya Kiponda, tukamwona mzee yule yule aliyetugandia asubuhi akivuka kizingiti cha mlango wake wa kuingilia, kizingiti cha mbao kinachofika karibu na nusu ya muundi, bila ya kusita. "Umeona?" akaniambia. "Mpe kitu cha kuvuka, atavuka." Kuanzia siku hiyo nikawa nabandika utepe mweupe sakafuni, mstari kila baada ya hatua moja, wagonjwa wanapiga hatua kuvuka mistari. Mfagiaji wetu alikuwa akiibandua kila jioni kwa nia njema, nami nikiibandika kila asubuhi kwa nia mbaya. Tulikwenda hivyo miaka tisa.

Vidonge navyo vilikuwa vita. Vidonge vya maradhi haya vina saa zake, na ukipitisha saa mwili unafunga kama duka. Ikifika Ramadhani wazee wangu walikuwa wakivisogeza mpaka futari bila ya kumwambia mtu, wanaletwa alasiri wamebebwa. Nikiwakumbusha kwamba mgonjwa karuhusiwa kula, wananijibu kwa upole kwamba wao si wagonjwa kiasi hicho. Nimewahi kumwambia mmoja, mbele ya wanawe, kwamba Mungu kampa ruhusa na yeye anamrejeshea kama mtu anayekataa zawadi. Alinisusia miezi miwili, kisha akaja, akameza.

Bi Gulshan aliposhafariki, Mungu amrehemu, chumba nikaachiwa mimi, na ndipo alipoletwa Fundi Said. Alikuwa fundi wa kudarizi kanzu, mtu wa mtaa wa Malindi hapa mjini, wa kizazi cha Waarabu waliokuwa na mashamba ya mikarafuu zamani, na sasa wana majina marefu tu. Kanzu aliyoitia yeye mkono, ile kazi ya hariri shingoni na kifuani, bwana arusi alikuwa akiivaa siku moja na kuihifadhi maisha. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka akiwa na miaka arubaini na tisa. Alipofika kwangu alikuwa na hamsini na tano, na miaka miwili hajashika sindano. Aliletwa na kaka yake mkubwa, Bwana Khalfan, ambaye alijibu kila swali nililomuuliza mgonjwa. Nikamuuliza Said analala vipi, Khalfan akajibu. Nikamuuliza anakula vipi, Khalfan akajibu. Nikamwomba Bwana Khalfan anisaidie kwenda kuniletea faili mapokezi, na faili lilikuwa mezani kwangu.

Vidonge vilimsaidia Said, lakini kwa vipindi. Kwa muda wa saa moja na nusu mwili unamtii, halafu anakauka. Akiongezewa, mwili unaanza kucheza ngoma asiyoiita. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kwa upasuaji wa ubongo, na daktari mmoja mgeni aliyepita kliniki yetu ndiye aliyetuambia. Wanapitisha nyaya mbili nyembamba mpaka ndani kabisa ya ubongo, zinashuka chini ya ngozi nyuma ya sikio na shingoni, zinaungwa na kijisanduku cha betri kinachozikwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Kutoka hapo umeme mdogo unakwenda usiku na mchana. Hauponyi. Nawaambieni tena, kwa sababu kila familia husikia "unaponya": hauponyi, unatuliza, na ukizimwa maradhi yanarudi yalipokuwa. Sauti ya Said ilikuwa imeshakuwa ndogo, na tuliambiwa mapema kwamba sauti haitarudi.

Khalfan alikataa. Ubongo ni amana, alisema, na mtu hatobolewi kichwa kwa ajili ya sindano na uzi. Said hakubishana naye, hakuweza kubishana na mtu. Aliniandikia kwenye karatasi, kwa mwandiko mdogo kama chungu waliojipanga: *Nnataka.* Karatasi ile ndiyo niliyoipeleka kwenye kikao cha familia, na nikakaa nayo pale mpaka ikasomwa kwa sauti. Akaenda India na mkewe. Walimpasua akiwa macho, akasema baadaye kwamba walimwambia aandike jina lake hewani kwa kidole, na katikati ya jina mkono ukatulia. Alilia juu ya kitanda cha upasuaji na daktari akamkataza, kwa sababu kichwa hakitakiwi kutikisika.

Aliporudi hapa, hakukuwa na mtu kisiwani aliyewahi kuushika mtambo huo. Mkuu wetu wa wakati ule, mtu wa barua, akaniandikia kwamba idara isijihusishe na kifaa isichokiweka. Niliisoma, nikaikunja vizuri, nikaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Kila Jumanne Said alikuja, tunampigia daktari wake kwa simu ya picha, daktari anatazama, mimi nampima Said hatua na vidole kwa saa ya kusimamisha, na daktari anatuelekeza umeme upandishwe au ushushwe kidogo katika ile rimoti aliyopewa mgonjwa. Pandisha mno, mdomo unavutwa upande. Shusha mno, mkono unaanza. Tulichukua miezi minne kupata mahali pake. Siku tulipopafikia, Said alitoa sindano mfukoni, akaitia uzi mara ya kwanza bila ya kukosea, nami nikajifanya natafuta kitu dirishani.

Akarudi kudarizi. Akarudi pia kuwa na maoni. Watu wa Malindi walishangaa kumbe ni mkaidi. Alikataa kanzu yenye kitambaa kibaya, alikataa kuozeshewa binti yake bila ya kuulizwa binti mwenyewe, na alimkatalia Khalfan waziwazi mbele ya wageni juu ya jambo la nyumba ya urithi. Kwa sauti ile ile ndogo, lakini alikataa.

Sasa lije kosa langu. Nilimwandikia orodha ya hatari. Ya kwanza, kwa wino mwekundu: asiwekwe kamwe kwenye mashine ya joto, kwa sababu yale mawimbi yangepita kwenye nyaya na kumchoma ubongo, na mama mkwe mwenyewe nilimfungia kwa mnyororo na kufuli ili asije mtu wa zamu akasahau. Aonyeshe kadi yake bandarini na uwanja wa ndege, asipite kwenye mlango wa ukaguzi. Asikae karibu na spika kubwa, sumaku yake inaweza kumzima. Nilijiona nimemaliza. Mimi niliyezaliwa Jang'ombe na kukulia katika nyumba inayotazamana na msikiti, niliyesikia maisha yangu yote watu wakiambiwa wazime simu kabla ya sala, sikufikiri hata kidogo.

Said alikuwa akizima. Kila Ijumaa, akiwa kwenye mabomba ya udhu, alitoa rimoti na kujizima kama watu wanavyozima simu, kwa adabu. Aliona vibaya kusimama mbele ya Mola wake na kitu kinachofanya kazi kifuani. Khutba fupi, sala fupi, anatoka, anajiwasha. Alikuwa akitetemeka kidogo na kukakamaa kidogo, na alivumilia, na mimi hakuniambia. Mficha maradhi, kilio humfichua, na huyu kilio kilimfichua kweli.

Ijumaa ile alikuja mgeni kuhutubu, na khutba ikarefuka. Asubuhi Said alikuwa na kanzu ya kumalizia, akapitisha kidonge chake. Walipofika kwenye sijda ya mwisho, akaenda chini pamoja na watu na hakurudi pamoja na watu. Sala ikatolewa salamu, yeye yuko pale pale, paji la uso kwenye mkeka, mkono unaotetemeka umelaliwa na kifua hivyo hauonekani. Jirani yake akamgusa, akamkuta mgumu. Akamwita, hakuna sauti. Mtu mmoja akasema inna lillahi. Mwingine akasema kapata bahati gani huyu, sijdani, siku ya Ijumaa. Khalfan alikuwa safu ya mbele. Alikuja akapiga magoti akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa pamoja, na watu wakaanza kutaja wema wa marehemu. Kuna waliokwishatoka kufuata jeneza. Ni mtoaji adhana aliyemgeuza ubavu na kumwona anapepesa macho.

"Nlikuwa nasikia yote," Said aliniambia baadaye. "Sijapata kusifiwa vile tangu nizaliwe."

Walimleta kwangu kwa gari ya jirani, amelala kiti cha nyuma kama ubao. Khalfan akanitangazia kwamba mtambo umekufa, na kwamba yeye alisema. Nikachukua rimoti mfukoni mwa Said, nikaitazama. Imezimwa. Nikaiwasha. Haikupita muda mrefu mkono ukaanza kutulia, na baada ya kidonge na chai aliweza kukaa. Nikamuuliza nani kazima. Akasema yeye, na akaniambia kwa nini. Nilitoka nje nikasimama ukutani. Nilitaka kumgombeza, lakini wa kugombezwa nilikuwa mimi.

Nilidhani limekwisha. Jumanne iliyofuata Said hakuja. Jumatano akaja mkewe, Bi Salma, amejifunika mtandio mpaka puani, akaniambia kwamba Khalfan kachukua rimoti, kamzima mdogo wake, na kaifungia katika kabati lake. Ni aibu ile ya msikitini, kasema. Mtu aliyeletewa ishara namna ile asiendelee kushindana. Na Said kakubali. Kwa kaka mkubwa hana neno. Siku ya tano hiyo, anaoshwa na kulishwa, na vidonge peke yake havimfikishi popote.

Nilimwambia mkuu kwamba nnatoka. Aliniuliza kama ni kwa ajili ya kifaa ambacho idara haijihusishi nacho. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtu, na kwamba barua yake bado nnayo, imeshikilia meza. Nikenda kwa miguu mpaka Malindi na koti langu jeupe, na kila aliyenisalimia nilimjibu huku nnatembea.

Khalfan alikuwa amekaa ukumbini. Nikampa shikamoo yake, akaniitikia marahaba. Said alikuwa kwenye kiti nyuma yake, uso umenyamaza, mate yanamtoka, mkono unakwenda wenyewe. Bi Salma alisimama mlango wa ndani.

"Bi Asya," Khalfan akaniambia, "mtu anasujudu kwa umeme?"

"Na wewe meno yako ya bandia unayavua ukisoma Fatiha?"

Hakucheka. Nikamwambia waliyemlilia msikitini hakuwa na mashine. Mashine ilikuwa imezimwa. Aliyeganda pale, aliyeombolezwa yu hai, ndiye huyu anayetaka kumbakisha, Said bila ya mtambo, na kama ile ilikuwa ishara basi aisome vizuri. Nikamwambia kosa la mwanzo ni langu, sikumwonya, na nimekuja kulilipa; lakini kumzima mtu mwenye akili zake na kumfungia kabatini rimoti, ndiyo ufunguo wake, hilo si langu. Nilisema mengi. Sauti ilinipanda, na siombi radhi.

Khalfan akainama akatazama mikono yake. Aliponijibu, hakuzungumzia msikiti wala dini.

"Kabla ya mashine," alisema, "alikuwa ananisikiliza."

"Alikuwa hawezi kukujibu," nikamwambia. "Mbona hujui tofauti yake, na wewe ndiye uliyemlea?"

Wazazi wao walikufa mapema. Khalfan ndiye aliyemsomesha Said na kumpeleka kwa fundi wake wa kwanza. Nililijua hilo, na nilimchoma nalo makusudi. Alifunga macho. Hapo tukasikia kitu kama karatasi inayokwaruza. Ilikuwa sauti ya Said. Ilimchukua muda, midomo ilikwenda bure mara mbili tatu kabla ya neno.

"Kaka," alisema. "Ufunguo."

Khalfan aligeuka akamtazama. Nadhani alikuwa anangoja aongeze kitu, tafadhali au samahani, na Said hakuongeza. Basi akainuka, akaenda ndani, tukasikia kabati linafunguliwa, akarudi akaiweka rimoti mapajani mwa mdogo wake. Bi Salma akaja mbio kumsaidia nami nikamshika mkono. Said aliikosa ile swichi mara nne. Kidole kilipita huku na huku, rimoti ikateleza, akaibana na goti. Hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Mara ya tano akaipata.

Ijumaa iliyofuata nilichukua ruhusa ya saa mbili kwa sababu za kifamilia, ambayo ni uongo, na nikaenda kukaa kwenye duka la nyuzi linalotazamana na msikiti. Muuzaji alinipa kiti bila ya kuniuliza nanunua nini. Nilimwona Said anafika, anatawadha, na kwa macho yangu nikaona mkono wake haukwenda mfukoni. Khalfan alikuwa nyuma yake. Wakaingia. Nikasikia khutba yote, nikasikia takbira, nikahesabu rakaa, na kwenye sijda ya mwisho nilikuwa nimesimama katikati ya duka la watu nimeshika kigunia cha nyuzi za kijani.

Salamu ikatolewa. Watu wakaanza kutoka. Wakatoka wengi, wakapungua, wakabaki wachache mlangoni, na Said hakutoka. Mimi nimeshafika katikati ya njia ndipo nilipowaona mlangoni, ndugu wawili. Said ndiye aliyetangulia, na Khalfan kamshika bega, anachechemea. Said aliponiona akanijia moja kwa moja, na nikamuuliza kulikoni huko ndani mbona mmekawia, nikamuuliza kwa ukali.

"Kaka," akasema, kwa ile sauti yake ndogo ambayo watu wote waliokuwa wakivaa makubadhi walinyamaza waisikie. "Alikwenda sijda akashindwa kuinuka. Nikamwinua mimi."

"Kwa mkono upi?"

Akaunyoosha wa kulia mbele yangu, akauacha hewani, na nikautazama mpaka nikatosheka.